Mawe Yaliyolala Chali

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikiwa bado inakata masikio, Nikodemo alikuwa amechuchumaa bustanini kwa Cornelius akipima mteremko kwa mpira wa maji. Mpira wenyewe ni ule mweupe unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, ncha moja unaishika huku, nyingine unaifunga kwenye kigingi kule, na maji yanakuambia ukweli ambao jicho linakuficha. Nikodemo alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo alikuwa fundi wa mawe. Mjini walikuwa na msemo: kazi ya Nikodemo haibanduki.

Bwawa lilikuwa limekwisha chimbwa na kutandikwa turubai zito jeusi. Samaki wekundu wanane walikuwa wakisubiri ndani ya pipa. Kilichobaki ni maporomoko. Mama Sharon, mke wa Cornelius, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, alimletea fundi chai na karanga za kuchemsha, kisha akamwonyesha picha ya maporomoko kwenye simu.

"Fundi, mimi sitaki ngazi. Sitaki mtu akiona aseme, aha, hapa kapita fundi. Nataka aone kama Mungu mwenyewe ndiye aliyeyaacha hapo."

"Mungu hatumii saruji, mama."

"Basi na wewe ya kwako ifiche."

Nikodemo alicheka, akanywa chai, akaanza kuwaza mawe. Mawe ya kuvunjwa kwa nyundo yana uso mpya. Hata uyapake udongo, yanaonekana yamefika jana. Mawe ya mtoni ni ya duara, maji yakiyafikia yanaruka ovyo kama mbuzi. Maji ni mgeni mwenye haya, hayapiti mahali yasipoonyeshwa njia. Jiwe linalofaa ni bapa, lenye bonde katikati, bonde lililochimbwa na miaka. Nikodemo alikuwa anajua mawe ya namna hiyo yalipo, na alikuwa anayajua tangu kabla hajajua kuhesabu.

Yalikuwa Kalundi, juu ya mteremko unaoelekea Muze. Kalundi ni mahame. Watu wake walishuka kidogo kidogo kufuata barabara, zahanati na mashine ya kusaga, mpaka siku moja akabaki mzee mmoja na mbwa, kisha mbwa naye akashuka. Nyumba zimerudi kuwa udongo. Kilichobaki ni mawe ya kusagia ulezi, kila boma na lake. Jiwe kubwa la chini waliliita mama, na lile dogo la kushika mkononi waliliita mwana. Luciana, mama yake Nikodemo, mwanamke wa vitendawili, alikuwa akiwategea watoto hivi: mama hana miguu, mwana hana mikono, na nyumba nzima inakula kwao. Watoto walijua jibu, lakini walijifanya hawajui ili wampe mji, kwa sababu alipenda sana kupewa miji.

Sasa Kalundi walikuwa na desturi. Mwanamke akifa, siku ya tatu baada ya mazishi binti yake alikwenda kwenye jiwe, akalilaza kifudifudi, yule mwana akamweka chini ya tumbo la mama, kisha akasema: "Umesaga. Wameshiba. Lala." Baada ya hapo hakuna aliyeligusa. Luciana hakuwa na binti. Alisaga tangu akiwa na miaka saba mpaka bega la kulia likaganda, akahamia la kushoto. Siku alipokuwa anakwenda hakuomba misa kubwa wala kaburi la saruji. Alimshika Nikodemo mkono akasema, "Jiwe langu, mwanangu. Lilaze vizuri. Nimechoka." Nikodemo akaahidi. Siku ya tatu akalilaza mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mitano, wanawake wakimcheka kwa kanga mdomoni kwa kuwa kazi ile si ya mwanamume.

Alhamisi alikwenda Kalundi na Meshack, dereva wa lori dogo la Kanta. Walichukua mawe kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa la Luciana. Alilijua kwa pembe iliyomegeka. Ni yeye aliyeimega utotoni akivunja mfupa wa ng'ombe atafute uboho. Alisimama juu yake muda. Nyasi zilikuwa zimelifunika na mchwa walikuwa wameanza kulipandia. Akaona afadhali alipeleke mjini, ambako atakuwa akilipitia na kulitazama, kuliko kuliacha hapa pasipofagiliwa na mtu.

"Fundi, hayo si ya marehemu?" Meshack aliuliza.

"Marehemu wamelala miaka thelathini na zaidi. Aliyelala hivyo haamshwi na Kanta."

"Sawa, mshikaji. Mimi naendesha tu."

Nikodemo aliyapanga kwa siku tisa. Hakuyapanga sawasawa kama meno. Aliyatupia moja huku moja kule, moja limeinama, moja limejitokeza kama kidevu. Kila moja aliliinamisha mbele kidogo ili maji yasirudi nyuma. Bomba alilificha. Saruji aliichanganya na udongo wa kichuguu, siri yake mwenyewe, akaisukuma nyuma kabisa, akapandikiza kuvu la kijani kwenye nyufa. Na mawe yote kumi na moja aliyalaza chali, bonde likitazama juu, kwa kuwa tumbo la chini lilikuwa la mviringo na maji yasingekaa. Alijua anachofanya. Mkono ulisita kidogo kwenye la mama yake, kisha ukaendelea, kwa sababu mkono wa fundi hupenda kazi itoke vizuri. Lile alilipa nafasi ya heshima, juu kabisa, maji yanapotokea.

Jumamosi jioni Mama Sharon akawasha pampu. Maji yalitoka kwa Luciana, yakateremka jiwe hadi jiwe kama kitambaa kinachokunjuliwa, yakaingia bwawani bila kelele. Samaki wakayafuata. Mama Sharon alipiga makofi. Cornelius, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mwenye mashine mbili za kusaga, alisimama na mikono mfukoni.

"Hapo sasa," alisema. "Utadhani maporomoko ya Kalambo yenyewe."

Saa kumi na mbili kengele ya Malaika wa Bwana ikapigwa parokiani. Baada ya kengele, mtu akabisha getini.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja, miguu imejaa vumbi. Tito, mlinzi, aliwasalimia akawauliza wanamtaka nani. Wakasema wanataka mawe yao. Tito akawafungulia, kwa kuwa walikuwa wametaja kitu ambacho kweli kilikuwamo ndani. Wakapita kwenye majani kwa mstari mmoja. Wakafanya ishara ya msalaba. Kila mmoja akapiga magoti mbele ya jiwe lake, akafungua kanga, akatoa jiwe mwana alilokuja nalo kutoka Kalundi, akaanza kusaga.

Luciana alikuwa juu, bega la kulia likiwa limeganda vilevile. Alimwona Nikodemo.

"Umekula?" alimwuliza.

"Shikamoo, mama. Nimekula."

"Marahaba. Umekonda."

Hakukuwa na nafaka, kwa hiyo walisaga maji. Maji yaliyopita chini ya mikono yao yalitoka laini, mepesi kuliko yalivyoingia, na samaki wakawa wanazama ndani yake mpaka walipozoea. Ulipofika muda wa taarifa ya habari ya saa mbili walinyanyuka, wakashika viuno, wakatoka. Mama Sharon alikuwa mtu wa huruma. Alisema si vizuri wageni kufanya kazi mikono mitupu. Kesho yake jioni aliwamiminia debe la ulezi.

Maji yakajigawa, yakapita pembeni mwa magoti yao, na unga ukatoka mkavu. Mama Sharon aliupikia uji. Cornelius alikunywa kikombe kimoja, akanywa cha pili. Alikuwa ameonja unga maisha yake yote na alijua alichonacho mdomoni.

Jumatatu magunia mawili yalishushwa kando ya bwawa. Ijumaa yakawa matano. Mwisho wa mwezi wa saba kulikuwa na mifuko midogo yenye picha ya maporomoko, imeandikwa Unga wa Jiwe, Asili ya Ufipa, na watu wa Mbeya walikuwa wanaupigia simu kabla haujasagwa. Marehemu hana haraka, lakini pia hasimami kujinyoosha, na haondoki nafaka ikiwa bado ipo. Kadiri magunia yalivyoongezeka ndivyo walivyochelewa kutoka. Kalundi ni mbali kwa miguu. Ikafika mahali wanafika nusu ya njia, kengele ya jioni inawakuta hukohuko, wanageuka.

Nikodemo alikwenda kwa Zita, mama yake mdogo, aliyekuwa amebaki hai peke yake kati ya wanawake wa Kalundi. Alimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Kaburi la dada limetitia. Kaburi likitumika halititii namna ile."

Nikodemo akamweleza yote. Zita hakuacha kuchambua.

"Jiwe likilala chali linaita," alisema. "Hilo unalijua. Wewe si mtoto wa mjini."

"Nalijua."

"Sasa ulidhani linaita nani? Fundi?"

"Nikilivunja je?"

"Atakuja kutafuta kipande. Jiwe linalazwa zima au halilazwi."

"Na ulezi wasipomiminiwa?"

Zita alinyanyua macho. "Umewahi kusaga jiwe tupu, wewe? Jiwe juu ya jiwe? Nafaka ndiyo inayobeba uzito. Bila nafaka anayesagika ni mwenyewe. Nenda kalilaze."

Nikodemo alikwenda kwa Cornelius, akavua kofia. Walikuwa wamekulia boma jirani, wamechungia mbuzi pamoja, lakini kofia aliivua.

"Cornelius, naomba lile la juu nililaze. La mama. Moja tu."

"La juu ndilo linalotoa maji, Nikodemo. Ukilitoa hilo kinabaki nini? Lundo."

"Nitakutafutia jingine."

"Jingine la nani?" Cornelius alionyesha dirishani, ambako jioni ilikuwa inaingia na wanawake walikuwa wanapiga magoti. "Unamwona yule wa tatu kutoka chini? Bibi yangu. Aliyenilea. Umenisikia nalalamika?"

Nikodemo alimtazama yule bibi. Alikuwa anasaga huku amefumba macho.

"Walisaga maisha yao yote, kaka, na hakuna aliyewajua," Cornelius alisema kwa upole, na alikuwa anamaanisha. "Leo unga wao unaliwa mpaka Dar es Salaam. Hiyo si heshima?"

Lilikuja suala la kufuata taratibu. Padre aliitwa, akabariki maji, wanawake wakainamisha vichwa, wakapokea baraka, wakaendelea. Padre alisema kazi si dhambi ila Jumapili ni ya Bwana. Cornelius alikuwa Mkatoliki mzuri, akakubali. Jumamosi ikawa na magunia mara mbili, na Jumapili wanawake walikuja, kwa kuwa mawe yalikuwa yanaita bado, wakakaa mikono mapajani mbele ya mawe bila kuruhusiwa kuyagusa. Wenyewe walisema Jumapili ndiyo siku ndefu. Bwana mmoja wa serikali aliyevaa tai alikuja pia na faili, akawauliza majina na tarehe za kuzaliwa. Walipomtajia na tarehe za kufa alifunga faili, akasema hao hawamo kwenye fomu yake. Aliondoka na mifuko miwili ya unga.

Siku Cornelius alipokwenda mpakani Kasesya kupokea malori, Nikodemo alikuja asubuhi na tindo na nyundo. Mama Sharon alimfungulia mwenyewe.

"Fanya haraka, fundi," alisema. "Mimi nitasema sikuona."

Alizima pampu akaingia ndani, akavuta pazia.

Nikodemo aligonga nyuma ya jiwe la mama yake kuanzia saa tatu. Saruji yake haikutoa hata chembe. Udongo wa kichuguu ulikuwa umeshikana na jiwe kama nyama na mfupa. Alimwagia maji moto, akamwagia siki, akagonga kwa pembe, akagonga kwa ubavu. Tindo la kwanza lilipinda. Alikaa chini akapumua, akakumbuka vizuri jinsi alivyojivunia ule mchanganyiko. Akachukua tindo la pili. Saa saba alisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti, na ufa mwembamba ukatembea kwenye jiwe kutoka ile pembe iliyomegeka mpaka katikati ya bonde. Saruji ilikuwa nzima.

Aliweka nyundo chini.

Jioni ile Luciana alikuja amejifunga kanga mpaka kwenye vidole. Alisaga kwa mkono mmoja. Nikodemo alimsogelea.

"Nionyeshe mkono, mama."

"Mkono una nini?"

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Ufa ulianzia kwenye ncha ya kidole gumba ukakata kiganja katikati. Haukuwa unatoka damu. Ndani yake kulikuwa na vumbi la jiwe.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Usigonge tena lakini."

Hapo Nikodemo akamwambia asogee, akapiga magoti yeye. Wale kumi waliacha kusaga wakamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafike walicheka, wakaziba midomo kwa kanga kama zamani. Alisaga mpaka mabega yakawaka. Ulezi ulitoka nusu mzima nusu vumbi. Luciana alisubiri pembeni kwa adabu, mikono tumboni, kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Alipoona mwanawe anatetemeka alimgusa bega.

"Umenisaidia, mwanangu. Sasa inuka." Akakusanya ule ulezi wote ulioharibika, akaurudisha kwenye jiwe, akausaga upya kabla ya kuanza fungu lake. Jioni ile aliondoka wa mwisho.

Baada ya hapo Nikodemo hakujaribu tena. Alimwomba Cornelius kazi ya kumimina nafaka, na Cornelius akampa palepale, akasema ni vizuri kuwa na mtu wa familia. Ilikuwa kazi ya kukaa jiweni na kopo, ulezi usipungue mikononi mwao hata mara moja, wasije wakasaga jiwe tupu. Nikodemo aliifanya vizuri. Kwa mama yake alimimina kidogo kidogo, upande wa mkono mzima.

Mvua za kwanza zilipoanza, kuvu alilopandikiza likashika, likafunika nyufa zote. Hata yeye mwenyewe alipotazama hakuona tena mahali fundi alipopita. Watu walikuja kupiga picha za harusi. Mwenye nyumba ya wageni kule Muze alimtumia ujumbe: anataka maporomoko yake yawe na mawe ishirini na pango. Nikodemo akakataa. Wiki iliyofuata alimwona Meshack akipita barabarani na Kanta, nyuma limefunikwa turubai, gari limelalia matairi. Meshack alipiga honi. Nikodemo akanyanyua mkono, kwa kuwa mtu akikusalimia unamwitikia.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili, magunia yakiwa tisa na mvua ikiwa imeacha dakika ile, Luciana alisema bila kuacha kusaga:

"Kitendawili."

Nikodemo alikuwa hajalisikia neno lile kutoka kwake kwa miaka thelathini na mitatu. Wale wengine walipunguza mwendo wa mawe ili wasikie.

"Tega," akasema.

"Nililala, mwanangu akaniamsha, akaniambia fanya kazi nikutazame."

Mawe yalikuwa yanakwenda na kurudi polepole. Maji yalikuwa yanapita. Nikodemo alijua jibu.

"Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

"Chukua Sumbawanga."

"Sumbawanga ndiyo hii ninayosagia. Siitaki."

"Chukua Muze."

"Muze wenzangu wanakwenda wiki ijayo. Nimesikia. Lete mwingine."

"Wampembe. Kuna ziwa. Utakula samaki."

"Nitakwenda saa ngapi, mwanangu? Na magunia haya?"

Nikodemo alifikiri miji yote aliyowahi kuijua, na ile aliyoisikia redioni. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo:

"Basi chukua Kalundi."

Luciana alisimamisha mkono. Mkono wenye ufa ulikuwa juu ya jiwe, umetulia, na kwa muda huo mfupi maji yalipita juu ya bonde bila kuguswa na mtu, vilevile kama yale ya kwenye picha ya Mama Sharon.

"Kalundi ulikuwa wangu," alisema. "Nilikuwa nimelala huko."

Akatazama chini kwenye jiwe. Ulezi ulikuwa umekwisha.

"Mimina," akamwambia.

Nikodemo akamimina.